Daraja la Mawio

Kuku wa Ugweno Mpya walijua kuruka kuliko walivyojua kutaga.

Huko Mirihi uzito wa kitu ni kama theluthi tu ya uzito wake wa duniani, na kuku ambaye duniani, kule Usangi, Upareni, angehema kuuvuka ua wa mabua, hapa alipiga mbawa mara mbili akawa juu ya boriti za kuba, anawatazama watu kama mwenye nyumba anavyowatazama wapangaji. Nasikiwa Mbonea, mtunza kuku, aliwatandia wavu. Akawashusha mmoja mmoja kwa ngazi, akiwasihi kwa Kipare na kuwatukana kwa Kiswahili. Kuku wakatulia, wakanenepa, wakang'aa manyoya. Lakini mayai hayakuonekana.

Watu wa kuba lile walikuwa wamechoka na unga wa mayai wa kopo. Kila Nasikiwa alipopita na ndoo yake, mtu alimwuliza, "Vipi, mama kuku?" naye alijibu, "Bado kidogo," huku akitamani ardhi nyekundu ipasuke immeze.

Aliyemtoa kwenye aibu hiyo ni Bi Mwantumu, mwanamke wa Mkinga aliyesimamia jiko la kuba. Alikuwa mnene, mcheshi, na hakuwa na subira na watu wanaoteseka kimyakimya.

"Umemwuliza nani?" alisema siku moja, mikono kiunoni.

"Nimesoma mwongozo wote, Bi Mwantumu. Mara tatu."

"Sikukuuliza umesoma nini, mwanangu. Nimekuuliza umemwuliza nani."

Hakuwa amemwuliza mtu. Angeanzaje kusema kwamba yeye, aliyeletwa kutoka dunia nyingine kwa ajili ya kuku, ameshindwa na kuku?

Bi Mwantumu akamshika mkono, akampeleka stoo ya jiko. Nyuma ya magunia ya unga palikuwa na sanduku la chuma, ukubwa wake kama mkate wa boflo, na kitaa cha kijani kikipepesa.

"Hili ndilo Baraza la Mtetea," alisema kwa fahari. "Wafuga kuku wa Mirihi nzima wanaongea humu."

"Mirihi nzima? Kwenye kisanduku hiki?"

"Nusu ya maneno yamo humu. Mengine yamo kwenye masanduku ya wenzetu."

Akamweleza huku akichambua dengu. Wahamiaji wa mwanzo walikuwa na kituo kimoja kilichobeba maneno ya watu wote. Ikaja dhoruba ya vumbi, ikang'oa mlingoti wake, na makuba yote yakawa bubu kwa msimu mzima. Mtu hakujua kama nduguye wa kuba la pili ni mzima au amekufa. Dhoruba ilipokwisha, watu wakaapa kwamba mdomo wa wote hautawekwa tena mahali pamoja. Tangu hapo kila kikundi kilikuwa na sanduku lake, na desturi zake, na mlezi wake wa kulitunza. Sanduku liliongea na sanduku kupitia milingoti ya juu ya makuba, na njia hiyo kati ya mabaraza mawili waliiita daraja. Mlezi aliweza kulifungua, na aliweza kulifunga.

"Na mtu akichoka na baraza lake?"

"Anahama. Jina lako na maneno yako yanafungwa kwa ufunguo unaokaa kwenye bangili yako mwenyewe. Mimi mlezi naweza kukutoa kwangu, lakini siwezi kukunyang'anya jina. Haya, kaa. Usianze na swali. Anza na salamu, useme u nani na unafuga nini. Kisha soma wanavyoongea, ujue utani wao unaishia wapi. Baraza ni kama msiba au harusi, ukiingia unatazama kwanza watu wamekaaje."

Nasikiwa aliandika, akafuta. Akaandika tena, akaona anajisifu, akafuta. Mwisho akaandika: "Hodi. Naitwa Nasikiwa, niko Ugweno Mpya. Nina kuku wazuri sana wasiotaga. Naona haya kusema."

Hakuwa hata ameshusha pumzi, majibu yakaanza kumiminika. Karibu, karibu dada, karibu ndani. Mmoja akasema wa kwake waligoma mpaka akawaimbia. Mwingine akasema asimsikilize huyo, kuku waligoma kwa sababu alikuwa anaimba. Halafu likaja jibu la mtu mmoja aliyeitwa Mboni, kutoka Kuba la Tambarare: "Karibu sana. Taa zako zinafuata saa ya wapi?"

Nasikiwa akakimbia bandani kutazama. Taa zilikuwa bado zinafuata saa ya duniani, wakati watu na chakula vilifuata siku ya Mirihi, ambayo ni ndefu kidogo. Kwa hiyo kila siku chakula cha kuku kilisogea mbali zaidi na asubuhi yao, hadi wakawa wanalishwa gizani na kuachwa na njaa kwenye mwanga.

"Hawajui waamke lini," Mboni alimwandikia. "Wape saa moja, moyo wao utatulia."

Akazirekebisha taa. Haikupita muda mrefu akasikia mtetea mmoja anapiga kelele za mtu aliyeibiwa, akaenda mbio, na kwenye majani akakuta yai la kahawia, bado lina joto. Alilishika kwa mikono miwili. Akapiga picha, akaituma barazani bila neno lolote, na makuba yote ya Mirihi yakalipuka kwa shangwe. Mtu akatuma sauti ya vigelegele. Mboni akatuma picha ya mbwa wake amevaa kofia, kwa sababu alikosa la kusema kwa furaha. Nasikiwa akakaa chini kwenye pumba akacheka peke yake, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke Usangi hakujihisi mgeni.

*

Misimu ikapita, na Nasikiwa akawa mtu wa barazani hasa. Aliwapokea wapya waliobisha hodi kwa haya kama yeye. Aliwasuluhisha waliogombana juu ya jogoo. Bi Mwantumu alipoona hivyo akamkabidhi ulezi.

"Macho yangu yamechoka na ubishi wa kuku," alisema. "Sasa ufunguo wa madaraja ni wako. Utaona utamu wake, na utaona uchungu wake."

Uchungu ulitoka Kuba la Mawio. Huko kulikuwa na baraza moja tu, na mlezi wake alikuwa Kiango, fundi wa mabomba mwenye kipaji cha kusema jambo asilolijua kama vile yeye ndiye aliyeliumba. Kupitia daraja la Mawio aliingia Mtetea na kutangaza kwamba vifaranga wa Mirihi hawashiki maji mwilini, hivyo maji yao yatiwe chumvi, tena ya kutosha. Nasikiwa akaandika mara moja: "Msifanye hivyo. Chumvi itaunguza figo zao." Kiango akamjibu kwamba mwanamke wa Upareni anajua ugali na makande tu.

Matusi yangevumilika. Lakini siku ile kulikuwa na vumbi angani. Neno la Kiango lilifika Tambarare, kisha njia ikakatika, na neno la Nasikiwa likabaki limekwama mlingotini. Aliyekuwa zamu bandani kwa Mboni alisoma la kwanza, hakuliona la pili, akatia chumvi. Vumbi lilipotulia na onyo likafika, Mboni alikuwa anazoa vifaranga kwa koleo.

Kiango alipoambiwa, aliandika: "Asiyejua kupima chumvi asifuge."

Nasikiwa akalifungia nje jina la Kiango. Kesho yake Kiango akarudi kwa jina jingine. Akalifungia hilo nalo, akaja na la tatu. Yeye ndiye aliyekuwa mlezi wa sanduku la Mawio, kwa hiyo aliweza kujichongea majina kadiri alivyotaka. Baraza zima likapiga kelele kwa sauti moja: kata daraja la Mawio.

Bi Mwantumu naye alisema hivyohivyo. "Kata, mwanangu. Mlango ukiingiza nyoka, unafungwa."

Nasikiwa alikuwa ameshafungua ukurasa wa madaraja, kidole chake ki juu ya neno Mawio, pale ujumbe wa sauti ulipoingia. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyororo na yenye haraka.

"Dada Nasikiwa, samahani. Mimi ni Semeni, nafuga kuku wa hospitali hapa Mawio. Wewe hunijui, mimi huwa nasoma tu, siandiki. Nasikia unataka kutukata. Sikulaumu. Ila nina kuku wanaokohoa, na yale ya kuwatenga na kubadilisha hewa nimeyajua kwenu. Hapa hakuna wa kumwuliza ila Kiango. Ukikata, nitamwuliza nani?"

Nasikiwa akaondoa kidole.

Hapo ndipo alipoujua uchungu alioambiwa. Akikata, angewalinda watu wake na kuwafukuza watu wa Mawio kwa kosa ambalo hawakulitenda, na kuku wa hospitali wangeachwa mikononi mwa mtu wa chumvi. Asipokata, watu wake wangeendelea kutukanwa nyumbani kwao, na labda kesho mtu mwingine angezoa vifaranga.

Akampigia Semeni. "Kwa nini usihamie kwetu? Ufunguo wa jina unao."

"Mimi naweza. Lakini kuna wenzangu hapa kama arobaini, wa bustani, wa zahanati, wanaongea mambo yao mengi ambayo si kuku. Wote waje kukaa bandani kwenu?"

Lilikuwa swali la haki. Sanduku la stoo lilikuwa limejaa hadi shingoni, na baraza la wafuga kuku lingegeuka soko.

"Basi anzisha lako," Nasikiwa alisema, na mwenyewe akashangaa kusikia maneno hayo.

Semeni akacheka kwa woga. "Mimi? Dada, mimi si fundi."

"Mimi nilikuwa mtu wa kuona haya kuuliza habari za yai. Nitakufundisha. Ila ninahitaji muda kabla sijalikata daraja la Kiango, na muda huo si wangu kuugawa."

Kwa maana kila siku ya kungoja ilikuwa siku ambayo Kiango angeendelea kuingia. Aliyeumizwa kuliko wote alikuwa Mboni. Nasikiwa hakutaka kumwandikia mbele ya watu, akampigia aone uso wake. Mboni alikuwa mwanamume mwembamba, mwenye ndevu zilizoanza mvi, na mbwa wake alikuwa amelala miguuni pake.

"Kaka Mboni, nimekuja kukuomba jambo ambalo sina haki ya kuliomba." Akamweleza yote.

Mboni akamkuna mbwa kichwani.

"Unataka niendelee kumsoma yule mtu," alisema hatimaye.

"Nitasimama mlangoni mwenyewe. Neno lake lolote litapita kwangu kwanza, na la dawa halitapita kabisa. Lakini mengine yatanipenya, sitakudanganya. Ukisema hapana, nakata sasa hivi, na sitakunung'unikia."

"Wa kwangu wameshakufa," Mboni alisema. "Wa huyo mama bado wanakohoa. Subiri." Kisha akainua kidole. "Lakini usiniambie nisikasirike."

"Kasirika, kaka. Kasirika kabisa."

*

Zikawa siku za kazi na za kicheko. Nasikiwa alikaa mlangoni kama alivyoahidi, akichuja maneno ya Kiango kama mtu anayechuja tui, na wengine barazani walimlaumu kwa uzembe, wawili wakahama kwa hasira. Aliumia, akawatakia heri, akaendelea.

Huku pembeni alimfundisha Semeni. Kwanza sanduku. Semeni hakuwa nalo, lakini alikuwa na mashine ya kutotolea iliyoharibika kipasha joto, na ndani yake bongo la kuiendeshea, kompyuta ndogo, likiwa zima.

"Litatosha?" Semeni aliuliza.

"Lilikuwa linakumbuka joto la kila yai. Litashindwaje kukumbuka maneno?"

Bi Mwantumu, aliyekuwa bado amenuna, aliwasikia wakihangaika na nyaya kwa sauti ya simu, akavumilia, akavumilia, mwisho akamsukuma Nasikiwa kando. "Si huo! Mwekundu unaingia chini! Semeni mwanangu, usimsikilize huyu, atakuunguzia nyumba." Tangu hapo naye akawa fundi.

Baada ya sanduku, mlingoti. Kiango alisema mlingoti wa Mawio ni wake kwa kuwa yeye ndiye anayeupanda kuutengeneza. Semeni akaenda kwa wazee wa kuba lao na sheria ya makazi mkononi, isemayo kwamba mlingoti ni wa wote na hakuna wa kumnyima mwenzake nafasi. Alirudi anatetemeka, lakini amepewa nafasi.

Kisha yakaja mambo ambayo waya hauyatengenezi. Baraza litaitwaje? Nani ataingia? Mtu akikosea atafanywa nini? Nasikiwa alimtumia desturi za Mtetea zote, akidhani amemsaidia. Semeni akazirudisha zimejaa mistari ya kukatia. "Hii ya kumtoa mtu bila kumsikiliza siitaki. Na hii ya kukataza siasa, watu wangu watakufa kwa kiu." Nasikiwa alikunja uso, kisha akaukunjua. Baraza halikuwa lake.

Asubuhi moja kitaa cha kijani cha stoo kikapepesa kwa namna ambayo Nasikiwa hakuwahi kuiona. Daraja jipya lilikuwa linaomba kufunguliwa. Akalifungua.

"Hili ni Baraza la Kifungua Kinywa, Kuba la Mawio," Semeni aliandika. "Tuko thelathini na wanane. Tunawasalimu, na tuna njaa ya maneno."

Mtetea wakapagawa. Watu waliokuwa wakililia daraja likatwe ndio waliokuwa wa kwanza kukaribisha. Wakatumiana picha za makinda, za nyanya, za watoto wenye mapengo. Mtu wa bustani ya Mawio akaingia ubishi na Bi Mwantumu juu ya bizari, na ubishi ule haukwisha hadi chakula cha mchana kikaungua, na watu wakala kilichoungua bila kulalamika kwa sababu kila mmoja alikuwa anausoma.

Katikati ya shangwe hizo Nasikiwa akafungua ukurasa wa madaraja, akatafuta daraja la zamani la Mawio, akalifunga. Hakutangaza. Upande wa pili alibaki Kiango na sanduku lake, pamoja na jamaa wachache waliopenda kumsikia.

Kuku wa hospitali waliacha kukohoa. Semeni aliandika habari hiyo mwenyewe, kwa jina lake, yeye aliyekuwa akisoma tu.

*

Ilikuwa wakati wa kubadilisha pumba, Nasikiwa yuko bandani na koleo, alipopata ujumbe wa Semeni.

"Dada, nataka ulisikie kwangu kwanza. Kiango amebisha hodi kwetu. Tumemsikiliza. Tumempokea."

Koleo likaanguka. Kuku wakaruka hadi wavuni.

"Mmempokea?" Alipiga simu papo hapo. "Semeni! Baada ya yote yale?"

"Alibaki na watu wawili, dada, kisha mmoja, kisha akabaki anaongea peke yake. Kuba letu ni dogo. Nakutana naye kwenye foleni ya maji kila siku. Tumempa masharti. Haandiki chochote cha dawa, jina lake ni moja tu, na kabla ya neno lolote amwandikie Mboni."

"Na nikikataa mimi? Nikifunga daraja lenu?"

Semeni hakupandisha sauti. "Unaweza. Ufunguo ni wako. Lakini nani aingie kwetu, hilo ni letu."

Nasikiwa akakata simu, akaenda jikoni anafoka. Bi Mwantumu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaanza kucheka, tumbo likimtikisika, akalazimika kushika meza.

"Umempa mtu nyumba, sasa unataka na kumchagulia wageni?"

"Lakini Kiango, Bi Mwantumu!"

"Ndiyo, Kiango! Mimi nilikwambia kata, ukanikatalia, ukasema watu wa Mawio ni watu. Na yeye ni wa Mawio. Ungemwandama mpaka wapi, Mwezini?"

Nasikiwa akaketi juu ya gunia. Alitaka kuendelea kukasirika, lakini hasira ilikuwa inamponyoka. Maana Semeni yule aliyekuwa akinong'ona "mimi si fundi" ndiye aliyemwambia sasa hivi, bila kutetemeka, hilo ni letu. Nasikiwa akagundua kwamba anafurahi. Alishindwa kujizuia. Alifurahi kama mtu aliyefundisha mtoto kutembea, na mtoto akaenda upande asioutaka.

"Kama Mboni ataumia..." alianza.

"Mboni ni mtu mzima. Mngoje aseme."

Wakangoja pamoja mbele ya sanduku. Barua ya Kiango ilikuwa mbele ya watu wote, fupi na ngumu kama mbao isiyopigwa randa.

"Mboni. Nilisema jambo nisilolijua, vifaranga wako wakafa. Halafu nikakucheka. Sijalala vizuri tangu hapo lakini nilikuwa naona haya kusema. Nisamehe. Siku hizi nina kuku wangu watano, wananishinda, wanang'oana manyoya mpaka wako uchi. Hilo si sababu ya kukuandikia. Kiango."

Hata wabishi wa bizari waliacha ubishi wao. Njia ya Tambarare ni ndefu, neno hupita milingoti kadhaa, na Nasikiwa alijikuta ameushika mkono wa Bi Mwantumu.

Mwisho jibu la Mboni likafika.

"Kiango. Nimesoma. Sijakusamehe bado, nitakuambia siku ikifika." Kisha mstari wa pili: "Hao kuku wako hawana kazi. Watundikie kichwa cha kabichi, juu kidogo, wapate cha kugombania. Na unitumie picha."

Bi Mwantumu alipiga kigelegele kilichozirusha sufuria. Nasikiwa alicheka hadi machozi yakamtoka, akiwa amekaa pale juu ya gunia na pumba nyweleni, na kabla hajayafuta vizuri picha ikaingia kutoka Mawio: mtu mzima wa miraba minne amesimama juu ya kiti, mkono mmoja umeshika kabichi, na kuku watano nusu uchi wakipaa kumzunguka kichwa.